Mbwa wa Pili Si Dawa ya Mbwa wa Kwanza!



Najua nimeadimika. Wengine mmeshaanza kuuliza kama nimepata uraia wa mwezini. Hapana, nipo hapa hapa Leeds, ni zamu za usiku tu na baridi la huku linalomfanya mtu hata kidole cha kuandikia asikitoe nje ya blanketi. Leo nimekitoa, kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi na nisipolisema halitashuka. Mwenye chai na amimine.

Juzi Jumapili mdogo wangu wa Tabata alinipigia simu. Baada ya salamu na habari za watoto akaja kwenye lake. "Dada, huyu Sadamu amekuwa mbwa wa ajabu. Radi ikipiga anajificha chini ya gari anatetemeka. Tukitoka wote kwenda kanisani analia mpaka majirani wanalalamika. Sasa kuna jamaa kaniambia dawa yake ni kumletea mwenzake. Kuna kijana anauza vile vijibwa vidogo vyeupe vya manyoya, anakuletea mpaka mlangoni, laki sita tu. Watoto watafurahi, na Sadamu atapata mtu wa kuongea naye. Nipige tafu basi dada yangu."

Nikamwambia sitoi hata senti tano.

Weee! Kufika jioni kundi la familia lilikuwa linawaka moto. Mama mdogo akaandika kwamba mimi nina mbwa wawili wanaolala sebuleni kama wakwe, lakini mdogo wangu akitaka mmoja namnyima. Mjomba akasema huku Uingereza mbwa ana hadhi kuliko ndugu. Binamu mmoja akaitoa ile picha ya Kashata amevaa sweta, basi vicheko mpaka saa sita usiku. Sawa, nimecheka na mimi, picha inachekesha. Ila sasa naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana kuna jambo la miaka kadhaa nyuma ambalo sikuwaambia ukweli, na leo nitalisema.

Hoja yangu ni hii, na nitairudia mpaka mchoke: mbwa wa pili si dawa ya mbwa wa kwanza. Mbwa mwenye hofu ukimletea mwenzake hujamtibu. Umeongeza mdomo wa kulisha, na usipoangalia umeongeza mwoga wa pili. Anayekushauri hivyo, ama hajawahi kuishi na mbwa mwoga, ama anauza vijibwa.

HUYU BERTIE NI NANI

Wengi mnamjua kwa picha tu. Ni mbwa mweusi wa saizi ya kati, chotara, ana damu ya wale mbwa wa kuchunga kondoo. Alikuwa wa babu mmoja jirani yetu. Februari 2021 babu alipelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee na huko hawakupokea mbwa. Mume wangu akasema tumchukue sisi, si tunamfahamu? Tukamchukua.

Kumbe hatukumfahamu. Tulichokifahamu ni mbwa anayetembea taratibu pembeni ya babu yake. Mbwa aliyeachwa peke yake ndani ya nyumba ngeni hatukuwahi kukutana naye. Wiki ya kwanza nilitoka zamu nikakuta amekwangua mlango wa mbele mpaka rangi imetoka, kucha zinavuja damu, na amejikojolea. Nikaweka simu ya zamani juu ya kabati irekodi tukitoka. Dakika ya nne tu akaanza kuhema kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa ya kumi. Akazunguka, akanusa chini ya mlango, kisha akaanza kulia. Alilia saa tatu. Mimi nafanya kazi wodini, vilio vya kila aina nimevisikia, lakini kile nilishindwa kukimaliza, nikazima.

Halafu ikaja tarehe 5 Novemba. Waingereza siku hiyo wanakumbuka njama ya mwaka 1605 ya kulipua Bunge lao, na wanakumbuka kwa kurusha fataki. Bertie aliingia nyuma ya choo, akabaki pale mpaka asubuhi, anatetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Kila niliyemweleza alinipa dawa ile ile: mtafutie mwenzake, huyo ana upweke. Wauguzi wenzangu, dereva wa basi, mpaka mgonjwa mmoja kitandani. Nami nikaona ni busara. Nani asiyetaka mwenzake?

SASA LILE NILILOWAFICHA

Mnakumbuka mwishoni mwa 2021 niliwatumia picha ya kijibwa cheupe, Pamba? Baadaye mkauliza yuko wapi, nikasema tumemrudisha kwa mwenyewe kwa sababu nyumba ni ndogo. Nilidanganya. Pamba alikufa siku ya tano.

Nilimpata kwenye tangazo. Wiki nane, chanjo anazo, bei nusu ya wengine. Mwenyewe akasema nyumba yake inafanyiwa ukarabati, tukutane kwenye maegesho ya magari kando ya barabara kuu. Nikaenda. Mimi, mwenye shahada ya uuguzi, niliyefundishwa kwamba kitu cha kwanza ni kuuliza historia ya mgonjwa! Sikuuliza mama yake yuko wapi. Sikuuliza amezaliwa nyumba gani. Kadi ya chanjo haikuwa na muhuri wa kliniki yoyote, niliiona, nikaikunja nikaiweka mfukoni. Nilitoa pesa taslimu usiku kwenye baridi, nikarudi nyumbani nimemkumbatia ndani ya koti.

Siku ya tatu akaacha kula. Akatapika, kisha akaanza kuhara damu, harufu ambayo sitaisahau. Daktari wa mifugo akasema ni parvo, virusi vinavyoshambulia utumbo, na mtoto wa mbwa asiye na chanjo ana nafasi ndogo. Nilisimama pale nikitazama muuguzi wa wanyama anatafuta mshipa kwenye mguu mwembamba kama penseli. Nilitamani nimwambie nipishe nijaribu mimi. Ningejaribu nini? Binti yangu alikuwa na miaka sita. Tulipomwambia hakulia, aliniangalia tu akauliza: "Mama, kwani wewe si nesi?"

Ndiyo maana niliwadanganya. Niliona aibu kuwaambia kwamba mimi ninayewasisitizia kadi ya kliniki kila mtoto akizaliwa, nilinunua kiumbe bila kusoma kadi yake.

Na Bertie je, alipona upweke kwa zile siku tano? Wapi! Alinguruma, akahama chumba, akaacha kula mchana. Tulipowaacha wawili kwa nusu saa nikaangalia rekodi: dakika ya nne Bertie akaanza kama kawaida, na yule mdogo alipomwona mkubwa analia, naye akaanza. Mmoja alikuwa analia, sasa wanalia wawili. Hiyo ndiyo dawa niliyoinunua.

HOJA YA KWANZA: HOFU HAITIBIWI KWA KAMPANI

Wodini kwangu akija mgonjwa mwenye wasiwasi mkubwa, hatumletei mgonjwa mwingine kitanda cha pili tukaondoka. Tunatafuta anaogopa nini. Mbwa ni vivyo hivyo. Yule anayelia ukitoka, mara nyingi halilii mbwa, anakulilia wewe. Ukimwachia mbwa mwingine, wewe bado umeondoka. Sisemi hakuna hata mmoja anayetulia akipata mwenzake, wapo. Lakini hilo hulipimi kwa kununua. Azima mbwa mtulivu wa rafiki yako, waache pamoja siku chache, toka, rekodi. Ukiona yako bado analia, umejua bila kuua mtu.

Kilichomsaidia Bertie kilikuwa kazi ya kuchosha. Kwanza daktari alimpima kama ana maumivu, maana mnyama mwenye maumivu huonekana mwoga au mkorofi. Kisha akamwandikia fluoksetini. Ndiyo, ile ile wanayotumia watu. Mjomba usicheke, ubongo wa mbwa nao una kemia yake. Ila dawa peke yake haimfundishi kitu, inampunguzia hofu ili aweze kujifunza.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya sekunde. Nachukua funguo, naziweka chini, sitoki. Mara ishirini kwa siku, mpaka funguo zikawa si habari tena. Kisha nafungua mlango nafunga. Kisha natoka sekunde tano, narudi kabla hajaanza kuhema. Sekunde kumi. Dakika moja. Akishindwa narudi nyuma, siongezi. Na kipindi chote hicho haachwi peke yake zaidi ya anavyoweza, kwa hiyo mimi na mume wangu tulipanga zamu tusiondoke pamoja, na mama mmoja wa Kijamaika mstaafu wa mtaa wa nyuma akawa anakaa naye, malipo yake wali wa nazi na maharage. Miezi minane ilipita ndipo Bertie akaweza kulala saa tatu peke yake. Nilipoiona ile rekodi, mbwa amelala chali anakoroma, nililia kwenye basi watu wananiangalia.

Hakuna mwenzake aliyeletwa. Naomba mlikumbuke hilo.

HOJA YA PILI: MUUZAJI ANAYEKUJA MLANGONI ANAFICHA NYUMA YAKE

Huku England kuna sheria iliyoanza tarehe 6 Aprili 2020, wanaiita Lucy's Law. Lucy alikuwa mbwa jike wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel aliyeokolewa mwaka 2013 kwenye shamba la kuzalisha mbwa huko Wales. Alizalishwa mfululizo ndani ya kizimba mpaka mwili ukaharibika, akafa mwaka 2016. Sheria inasema mfanyabiashara wa kati haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa au wa paka aliye chini ya miezi sita. Unanunua kwa mzalishaji mwenyewe, pale alipozaliwa, ukimwona na mama yake, au unachukua kwenye kituo cha kuhifadhi wanyama. Kwa hiyo mimi kule kwenye maegesho sheria ilikuwepo tayari. Nilikuwa mteja wa mtu anayeivunja. Nyuma ya kila Pamba kuna mama wa aina ya Lucy ambaye hatumwoni, na pesa yangu ndiyo iliyomrudisha kuzalishwa tena.

Sasa mdogo wangu, huyo kijana wa laki sita anakuletea mpaka mlangoni. Unadhani anakuonea huruma nauli? Haji nawe nyumbani kwake kwa sababu ukifika utaona. Mwambie hivi: "Nataka kumwona mama yake, na nataka jina la daktari aliyemchanja nimpigie." Halafu subiri uone kama simu yake itapatikana tena. Na kama Pamba wako atakuja na parvo, ujue hivyo virusi hukaa kwenye udongo na sakafu miezi mingi, sabuni ya kawaida haiviui. Sadamu kama hana chanjo unaweza ukawapoteza wote wawili.

Na vile vya pua bapa, akina Pug na wenzao, macho yamewatoka kama wamesikia habari mbaya: hiyo pua inayowapendeza ndiyo inayowanyima pumzi. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Asiye na pua ya kutosha, umweke Dar mwezi wa Februari umeme umekatika! Huyo amehukumiwa.

HOJA YA TATU: MDOGO SI MWANASESERE

Kashata alikuja 2023, Bertie akiwa ametulia mwaka mzima. Hakuja kumtibu mtu. Alikuja kwa sababu tulimtaka, tulikuwa na nafasi na tulijua tunachokifanya. Nilimchagua kama anayeoa kwa mara ya pili, macho yote mawili wazi, teh teh teh.

Sikutaka mtoto. Mtoto wa mbwa anang'ata masikio, anaruka, hana adabu, na mkubwa mwenye hofu hana subira ya hayo. Nikataka mtu mzima ambaye tabia yake imeshaonekana. Kashata alikuwa na miaka minne, kilo tano, chotara wa Chihuahua na sijui nani mwingine, rangi kama kashata ya karanga iliyoungua kidogo. Kituo walishamwangalia wiki kadhaa: hagombanii chakula, hakimbilii wenzake usoni, akinguruma mwenzake yeye anageuza kichwa anaondoka. Hiyo tabia ya kugeuza kichwa ndiyo niliyoipenda kuliko manyoya. Tulichagua jike kwa sababu Bertie ni dume, na dume na jike mara nyingi hugombana kidogo kuliko wa jinsia moja.

Kabla hajafika nyumbani walikutana mara tatu, na si kwangu. Uwanjani, mahali ambapo si pa mmoja wao. Mimi nimeshika Bertie upande huu wa njia, mfanyakazi wa kituo ameshika Kashata upande ule, tunatembea kuelekea kumoja, hakuna kusukumana pua. Siku ya kwanza mita kumi kati yao. Siku ya tatu walikojoa kwenye mti mmoja, nikajua ndoa imekubaliwa. Nyumbani kila mmoja sahani yake chumba chake, kitanda chake, na kigeti katikati kwa wiki kadhaa. Tukitoka walitenganishwa mpaka nilipowaamini.

Watu wengi wanaharibu vijibwa vidogo kwa kuvibeba. Mbwa mkubwa akimrukia mgeni anapewa somo, mdogo akimrukia mgeni watu wanasema "ooh jamani." Mbwa mkubwa akinguruma anasikilizwa, mdogo akinguruma anachekwa, kwa hiyo anajifunza kwamba kunguruma hakusaidii, bora ang'ate moja kwa moja. Halafu tunasema vijibwa vidogo vina hasira. Hasira tumewafundisha sisi. Kashata anatembea kwa miguu yake minne. Nikimbeba namwambia kwanza neno moja, "juu," ajue mikono inakuja. Simvutii kamba shingoni kwa sababu koo la mbwa mdogo ni jepesi kuumia, navalisha mkanda wa kifuani. Haja ndogo tulimfundisha upya kama mtoto: akiamka nje, akila nje, akicheza nje, akikojoa pale pale anapewa kipande cha kuku. Akikosea ndani tunafuta, hatumsugui pua, maana hajui tunamaanisha nini, anachojua ni kwamba mikono yetu inaumiza.

Na jambo ambalo watu husahau: nilimfundisha Kashata kukaa peke yake BILA Bertie. Kila siku mmoja anatoka matembezi, mwingine anabaki. La sivyo ningetengeneza mbwa wawili wasioweza kuachana, na siku mmoja akifa, mwingine anafuata. Mafunzo mara mbili, matembezi mara mbili, bili mara mbili. Anayesema mbwa wa pili anakupunguzia kazi aje anishikie kamba asubuhi moja ya Januari, giza, mvua ya pembeni, nimetoka zamu ya saa kumi na mbili.

HOJA YA NNE: FIMBO

Hapa najua nitapoteza marafiki. Nyumbani mbwa tumemfunza kwa fimbo na mnyororo. Tunamfungia bandani mchana kutwa gizani, wengine wanampa pilipili, ati awe mkali. Halafu radi ikipiga akijificha chini ya gari tunamwita mwoga! Hatukumfundisha ukali, tulimfundisha hofu, na hofu ina milango miwili, wa kung'ata na wa kukimbia. Hutachagua wewe atoke kwa upi.

Msidhani Wazungu wameshinda hili. Mzee mmoja hapa mtaani alinishauri nimvalishe Bertie kola ya umeme, akilia inampiga shoti. Wales walizipiga marufuku kola hizo mwaka 2010, na wana haki. Fikiria mtu analia kwa sababu anaogopa, wewe unamchoma na umeme kwa sababu analia. Atanyamaza, ndiyo. Hata wodini mgonjwa aliyenyamaza si lazima awe amepona, wakati mwingine ndiye wa kumkimbilia.

Nami si malaika. Mwezi wa kwanza nilimpiga Bertie na gazeti kwa sababu ya ule mlango. Alilala chini akajikojolea tena. Sikurudia.

KWA WANAOHESABU PESA, NA KWA SHANGAZI

Mjomba amesema chakula cha mbwa kingelipa ada. Mjomba, ada ya watoto wawili naituma kila muhula na wewe unajua, kwa hiyo hilo tulifunge. Ila nakubali jambo moja: mbwa ni gharama, huku daktari wa mifugo hana hospitali ya serikali, unalipa mwenyewe. Ndiyo maana nasema asiye na uwezo wa kumtunza mmoja asichukue wa pili. Hapo mimi na wewe tuko upande mmoja.

Shangazi wa Tanga, wewe uliandika kwa upole kwamba mbwa ndani ya nyumba ni najisi. Shikamoo shangazi, nimekusikia, na ukija kwangu utapata chumba safi ambacho mbwa hajawahi kukanyaga, mkeka wa swala mpya upo kabatini unakusubiri. Sikubishii dini yako. Ila ni wewe uliyenisimulia utotoni, tumekaa barazani, kisa cha yule mtu aliyemkuta mbwa anakufa kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mungu akamsamehe. Sijakisahau. Sikuombi umkumbatie mbwa, naomba tu tusimtese.

MDOGO WANGU, SASA WEWE

Sijakunyima. Nimekunyima laki sita ya yule kijana. Nitakutumia pesa kwa haya yafuatayo, na risiti nataka.

Kwanza, chanjo ya Sadamu, hasa ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa, na asilimia 40 ya wanaokufa kwa ugonjwa huo ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Una watoto watatu. Ikitokea ameng'atwa mtu, na mbwa yeyote, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, si kesho, na si kwa mganga.

Pili, banda lenye paa zuri na kuta tatu, mahali ambapo radi haisikiki sana, na ule mnyororo ufupi uutoe. Mjengee uzio atembee.

Tatu, radi ikianza muache ajifiche. Usimvute. Weka redio, mpe mfupa au kitu cha kutafuna. Kumtuliza hakumfundishi uoga, hayo ni maneno ya watu.

Nne, huo mchezo wa funguo na mlango anza nao wiki hii. Sekunde tano. Mpe mwanao mkubwa kazi ya kuhesabu, watoto wanaipenda, na nyama kidogo ya zawadi mnayo.

Fanya hayo miezi sita. Sadamu akitulia, na bado mnataka kijibwa, nipigie. Tutatafuta mbwa koko mdogo mwenye afya ambaye mama yake tumemwona, hata wa bure, na sweta nitamtumia mimi. Lakini ukimnunua yule wa mlangoni wiki hii, akafa siku ya tano, mwanao wa mwisho atakuuliza swali. Mimi nimeshaulizwa. Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Kwa wengine wote mliocheka kwenye kundi, nawapenda sana, Kashata anawasalimu, na ile picha msiifute, anayo nyingine ya Krismasi amevaa kofia.

Naomba kutoa hoja.